Bulon Nane za Mbele

Feza, mama yangu,

Saa hizi wewe uko Kipushi kumuaga mama yako mdogo, na mimi nimekaa ndani ya gari letu hapa uani, mlango wazi, miguu nje. Karatasi nimeiweka juu ya kipande cha ubao, ubao juu ya usukani. Mama yako amepita mara mbili kunichungulia. Mara ya kwanza aliuliza kama naumwa. Mara ya pili alinitazama tu akarudi kwenye moto wake. Yeye anajua ninachoandika, na kwa nini anajua nitakueleza mbele.

Usicheke Kiswahili changu. Mdomoni ninasema kama watu wote wa mtaa wetu wa Katuba, lakini nikishika kalamu namwona mwalimu wetu wa misheni amesimama nyuma yangu na fimbo, na vidole vinanyooka vyenyewe. Basi utasoma Kiswahili cha mtoto anayeogopa kupigwa.

Mambo ya safari sitayagusa. Blanketi, kinini, mikate ya dirishani usiinunue, ukifika Ilebo usipande boti kabla hujaona sanduku lako limepanda: hayo yote mama yako ameshakuambia mara tisa, na ya kumi atakuambia kesho stasheni huku treni inatembea. Mjomba wako Kalenga naye ana yake kuhusu vijana wa Kinshasa, ingawa Kinshasa hajafika hata siku moja. Msikilize tu, ni mjomba wako. Mimi nataka kukuambia habari ya bulon nane.

Unazijua. Ni zile boliti za mbele, zinazoshika mikono ya magurudumu kwenye shasi, nne kushoto, nne kulia. Kwa miaka saba sijazitaja mbele yako. Nawe hujazitaja mbele yangu, ingawa ungetaka kunivua nguo mbele za watu ungeweza siku yoyote uliyotaka.

Unakumbuka masanduku yalivyofika? Ilikuwa wakati ule Wazungu wengi wanafunga mizigo. Mhandisi mmoja wa atelye yetu, karakana ya kazini, alikuwa na masanduku matatu marefu ya mbao nyumbani kwake, hajayafungua. Ndani mlikuwa na gari. Si gari zima, gari la vipande, la mtu kujijengea mwenyewe kwake, maana Wazungu wengine siku ya mapumziko hawajui kupumzika. Akaniambia, chukua, ndege hainibebei hii. Nikayaleta Katuba kwa mkokoteni, safari tatu, na majirani wakatoka nje kuuliza nani amekufa.

Mama yako aliposikia ni gari alishika kiuno. “Baba Feza, gari iko wapi? Miye niko naona mbao.”

Kalenga akaugonga ule mwili wa gari, ile plastiki ngumu ya njano, ukalia ko! “Shemeji,” akasema, “hii iko beseni ya kunawishia batoto.” Jina likabaki. Hadi leo mtaa mzima unaliita Beseni, na mimi mwenyewe nimeshalizoea.

Nikachimba shimo hapa uani ili niweze kusimama chini ya shasi. Kuku wa mama yako walianguka humo, mbuzi wa jirani akaanguka humo, na Kalenga akaanguka humo siku ya Mwaka Mpya akiwa amevaa suruali yake moja ya maana. Lakini wewe hukuanguka. Ulikuwa unashuka mwenyewe kila nikirudi kazini, una miaka kumi na miwili, miguu myembamba, penseli sikioni kama seremala. Ulikuwa unaijua kle ya kumi na saba, ile spana, kwa kuishika tu, bila kusoma namba. Rohoni nilikuwa najivuna mpaka kifua kinauma. Mdomoni nilikuwa nasema, “Toka hapa, utachafua nguo ya masomo.” Sijui kwa nini sikusema lile la rohoni. Lingenigharimu nini?

Sasa nikueleze kazi yangu, maana wewe hujaingia atelye yetu. Mimi ni mtu wa wago. Tangu kijana natengeneza wago, mabehewa ya treni ya kubeba mawe ya shaba, na kwetu kuna desturi moja ambayo mgeni anafundishwa siku ya kwanza kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Bulon ikiingia tunduni inakazwa papo hapo, mpaka mwisho, halafu fundi anachovya brashi kwenye rangi nyekundu anaitia doa. Doa maana yake ni hii: mimi fulani nimekaza, niulizeni mimi. Bulon isiyo na doa ni bulon ya mvivu. Ukiiacha nusu nusu ukaenda kula, mkubwa wa kazi anaiona, anakuita, na wenzako wote wanasimama kukuangalia. Miaka kumi na minane mkono wangu ulifanya hivyo: ingiza, kaza, tia doa. Na kwa wago ni sawa kabisa, kwa sababu wago ni chuma juu ya chuma.

Gari dogo si wago. Mimi nilikuwa sijui, na wewe ulikuwa umeshajua.

Katika sanduku la tatu mlikuwa na karatasi za michoro. Maneno yake yalikuwa Kiingereza, na mimi hata Kifaransa changu ni cha kuombea ruhusa tu, basi nikazitupa pembeni. Wewe ukaziokota. Ukazibandika ukutani kwa bukari, ugali wa jana, mama yako akagomba, ukazibandika tena. Maneno huyajui, lakini picha ulikuwa unazisoma kwa kidole, kutoka namba moja mpaka mwisho, kama katekista na kitabu chake.

Jumamosi ile tulifunga mikono ya mbele. Nilitoka salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, nimechoka, tumelima mfereji wa barabara asubuhi yote huku mtu wa chama anatusimamia amevaa viatu visivyoguswa na tope. Na Jumapili yake sherehe ilikuwa tayari. Kalenga alikuwa amealika nusu ya Katuba waje kulinywesha gari, kama watu wetu wanavyonywesha kila kitu kipya, iwe baiskeli, iwe redio, na mama yako alikuwa na munkoyo unachacha kwenye ndoo nne. Gari lilikuwa bado juu ya matofali. Mikono ya mbele inaning'inia, magurudumu hayagusi chini. Nikakamata kle. Kaza, doa. Kaza, doa.

Ukaja na karatasi moja umeibandua ukutani. Sehemu moja umeizungushia penseli.

“Papa, apa mu picha magurudumu iko chini. Gari iko nasimama yenyewe. Na mu biti baliweka masaki.”

“Halafu?”

“Yetu iko inaning'inia.”

Feza, ningekuwa mtu, ningesimama nikatazama ile picha. Ingenichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini niliona kesho watu wamejaa uani na gari liko bado juu ya matofali, Kalenga anacheka, bulon hazina doa kama za mvivu. Nikakuambia, “Miaka kumi na munane niko nakaza mabulon, na weye mutoto wa juzi unanifundisha? Enda kwa mama yako mu jikoni.”

Hukwenda. Ulisema tena, pole pole, “Mais Papa, njo balivyochora.”

Nikakunyang'anya karatasi, nikaikunja, nikaikalia. Naam, nilikalia karatasi ya mtoto wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, nikaendelea kukaza.

Leo najua picha ile ilikuwa inasema nini. Kwenye ncha za ile mikono kuna raba, wewe unazijua, zile za mviringo zenye bomba la chuma katikati. Gurudumu likipanda na kushuka, raba ndiyo inajipinda kidogo huku na huku. Sasa ukiikaza wakati mkono umening'inia, raba inaamini kule chini ndiko nyumbani kwake. Gari likishuka likasimama na uzito wake, raba inapindwa hata ikiwa imetulia tu, mchana kutwa, kama nguo ambayo mama yako ameikamua akaisahau mikononi. Halafu ndiyo unaipeleka kwenye mashimo ya barabara zetu. Itadumu siku ngapi? Ndiyo maana katika picha gari liko chini na magunia yako vitini. Kwanza libebe watu wake, ndipo ukaze.

Sherehe ilifana, si uliona. Munkoyo uliisha kabla ya saa tisa. Walinibeba mabegani mimi na kitambi changu, wakanizungusha uani, na wewe ulikuwa unapiga makofi kama wengine wote. Ulikuwa umeshanisamehe ile ya karatasi. Watoto mnasamehe upesi mno, hata mkubwa hapati nafasi ya kuona aibu.

Wiki ya nne tukaenda Kipushi, kwa huyu huyu mama yako mdogo uliyeenda kumuaga leo. Mama yako mbele na kikapu cha nyanya miguuni, wewe na Kalenga nyuma. Mbele kushoto kulikuwa kunagonga, ko-ko-ko. Kalenga akauliza ni nini. Nikasema ni mawe ya barabara. Nilijua si mawe. Fundi anajua sauti ya chuma chake, lakini nilikuwa na shati jipya na watu wa pembeni walikuwa wanapunga mkono.

Halafu yule mtu wa baiskeli na magunia yake ya makala, yaani mkaa, akakata barabara. Nikakanyaga breki. Gurudumu la kushoto likarudi nyuma kama mtu aliyeteguka mguu, usukani ukanitoka mikononi, na tukaenda kupumzika kwenye kichuguu. Hatukuwa na mwendo, namshukuru Mungu kila siku. Lakini mama yako alikuwa ametanguliza mkono.

Watu hawachelewi kwenye barabara ile. Wachoma makala, wanawake wa shambani, watu wa baiskeli, wakatuzunguka. Mama yako amekaa chini, mkono wake umevimba, analia kimya kimya. Kalenga akapiga magoti akachungulia chini ya gari, akauona mkono wa gurudumu umechomoka kwenye raba yake. Akasema mbele ya wote, “Mais shemeji, nani alifunga hii?”

Doa langu jekundu lilikuwa pale pale juu ya bulon, limeng'aa. Niulizeni mimi, ndivyo lilivyokuwa linasema, ila hakuna aliyejua kulisoma isipokuwa mimi na wewe.

Nikasema, “Ni Feza. Yeye njo alikuwa anashikashika mabulon.”

Wamesema wakubwa, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wangu haukujikwaa, mama. Ulikwenda wenyewe, ukijua njia.

Watu wakafanya “Eeeh! Mutoto!” Mama yako akakugeukia na machozi yake: “Feza! Ulitaka kuniuwa?” Ulinitazama mara moja, bila hasira, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri. Kisha ukainama ukaanza kuokota nyanya za mama yako barabarani, moja moja, unaifuta kila moja kwenye nguo yako, unairudisha kikapuni. Zilizopasuka uliziweka juu ili zisiumie zaidi.

Nyanya zile naziona mpaka leo. Nikiwa atelye naziona, nikila naziona.

Nilisema moyoni, nitarekebisha tukifika nyumbani. Tukifika nyumbani nikasema, mama yako apone kwanza. Siku ya tano nililipandisha gari juu ya matofali, nikatoa raba zote nane. Zote zilikuwa zimechanika, na zote upande uleule, upande wa kupindwa. Nikaitafuta ile karatasi, nikaikuta bado imekunjika umbo la makalio yangu. Nikaiangalia. Penseli yako ilikuwa imezunguka mahali penyewe hasa. Nilikaa chini shimoni nikalia, Feza, na nilipopanda juu niliwaambia vumbi limeniingia machoni.

Nikapata raba nyingine, nikafunga kama ulivyosema. Gari chini, magunia ya unga vitini, ndipo nikakaza. Tangu siku ile Beseni halijagonga tena. Watu wakasema, “Huyu Baba Feza ni fundi!” Nami nikaitikia. Nilikula hata sifa yako, baada ya kukulisha kosa langu.

Na wewe hukushuka shimoni tena. Nilikuwa nakuona unapita kando yake kama watu wanavyopita kando ya kaburi la mtu wasiyemjua. Ukahamia mezani, na daftari na rula, ukachora nyumba, ukachora madaraja, ukachora hata jiko la mama yako kwa vipimo. Leo shule ya kuchora plani imekuita Kinshasa, na watu wananipongeza kwamba nilikulea vizuri. Mawee. Nilikufukuza kwenye chuma, ukajitafutia karatasi. Zaidi ya hapo sikufanya kitu.

Lakini linalonichoma zaidi ni mkono wa mama yako. Ulipona umepinda, unajua. Kila mwaka ikifika Juni na ile baridi ya asubuhi, unamuuma, na kila mwaka anasema kwa kucheka, “Hizi njo salamu za Feza.” Anatania, mama yako hana kinyongo. Nawe unacheka naye, unaamka, unaenda kumpashia maji ya moto, unamkanda. Miaka saba, kila asubuhi ya baridi, umekanda kosa langu kwa mikono yako, na mimi nimekaa pale mezani napuliza chai. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na kilomita nyingi.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza zaidi yako. Nilipokuwa kijana mgeni kazini, mkubwa mmoja aliacha bulon zake wazi, wago ikamwaga mzigo, akanionyesha mimi kwa kidole. Nilirudishwa nyumbani siku tatu. Nilitembea Katuba nzima nikitafuta mtu wa kuniamini, nikaapa kwamba mimi sitamfanyia hivyo kiumbe wa Mungu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua uchungu wake. Niliujua kabisa, nikaupitisha kwako.

Mwezi uliopita barua ya shule ilifika kwangu kazini. Ilikaa mfukoni mwangu siku tatu. Si kwamba sikutaka uende. Nilijua tu kwamba ukiishika, unaondoka, na mimi bado sijasema. Siku ya tatu nikaja kwako uani nimejikaza. Ukainua macho, “Papa, iko nini?” Nikakupa barua, na badala ya maneno yote niliyoyapanga nikasema, “Bukari iko inapoa.” Ukaruka ukanikumbatia. Wewe ulifikiri nalia kwa furaha.

Basi leo asubuhi, ulipopanda gari la Kipushi, nilimwendea mama yako. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikapiga magoti mbele ya ule ungo, nikamwambia yote, karatasi, doa jekundu, yote. Hakuinua kichwa. Alichambua, alichambua.

Kisha akasema, “Miaka saba, Baba Feza. Na ule mutoto alikuwa ananiletea mayi ya moto.”

Nikasema nisamehe. Akasema, “Miye utaniachia mambo yangu, nitakugombeza mupaka tufe. Lakini bongo ulisema mbele ya bantu. Utaitosha mbele ya bantu.” Yaani uongo niliousema mbele za watu, niutoe mbele za watu.

Halafu akatupa maharagwe yote chini, mazuri na mabaya, akaenda nyuma ya nyumba. Nimeyaokota mimi, moja moja. Yalikuwa mengi kuliko nyanya.

Sasa sikiliza, maana jua linashuka na nawe unakaribia kurudi. Wiki hii nilikuwa nalala chini ya gari, ukaniuliza natafuta nini, nikasema nasafisha. Nilikuwa natoa zile raba za zamani. Nimetia mpya nane. Mikono iko mahali pake, bulon zote nane zimeingia, lakini nimezungusha kwa vidole tu. Hakuna iliyokazwa. Hakuna yenye doa. Gari limesimama juu ya shimo, magurudumu chini.

Kesho asubuhi majirani watakuja kukusindikiza, unawajua, hawaachi. Mama yako atakaa mbele. Kalenga atakaa nyuma na sanduku lako na vifurushi vyote vya bitoyo, samaki wa chumvi, maana mama yako anadhani Kinshasa hakuna samaki. Magunia hatuna haja nayo, gari litakuwa limebeba watu wake wenyewe. Hapo nitasimama mbele ya wote nitasema, na Kalenga asikie, yeye ndiye aliyeuliza: ile siku ya Kipushi, nani alifunga? Ni mimi. Feza aliniambia, nikakalia karatasi yake. Karatasi nitawaonyesha. Ninayo, imebandikwa humu ndani, juu ya kioo cha mbele, na penseli yako bado inaonekana.

Kisha nitakupa kle, ya kumi na saba. Ukitaka, ushuke shimoni ukaze. Nguo yako ya safari itachafuka, na mama yako amekubali. Rangi nyekundu iko kwenye kopo la maziwa karibu na ngazi, na brashi nimeinunua mpya. Madoa yatakuwa yako.

Ukisema hapana, nitaelewa, na sitakuuliza kwa nini. Nitabeba sanduku lako kichwani, tutakwenda stasheni kwa miguu sote, na Beseni litabaki hapa juu ya shimo lake. Mimi sitazikaza. Nilizikaza mara moja bila wewe na mara moja kwa akili yako, na zote mbili nilikosa.

Huko unakokwenda utamkuta mtu mwenye miaka kumi na minane ya kazi, atakuambia nenda jikoni. Sitakufundisha la kumjibu. Ulisema mara mbili, vizuri, kwa heshima, na aliyekosa masikio alikuwa mimi. Ila siku moja wewe ndiye utakuwa na miaka kumi na minane ya kazi, na mtoto fulani atakuja na karatasi yake na penseli sikioni. Usiikalie, mama. Inakunjika vibaya.

Nakupenda. Nimeliandika hapa kwa sababu mdomo wangu ungekuambia habari ya bukari. Nakupenda tangu ulipokuwa unanipa kle bila kusoma namba, na hata kabla. Barua hii nitakupa mkononi tukimaliza kula, halafu nitakimbilia kwa Kalenga mpaka uimalize. Mimi ni mwoga, umeshajua.

Nasikia gari la Kipushi limesimama njia panda. Nasikia sauti yako, unabishana na mtu wa mizigo. Mama yako naye amesikia. Ametoka jikoni na beseni la maji ya moto, amelibeba kwa mkono wake ule mbovu, hataki nimsaidie. Anasema ni ya kunawisha miguu yako.

Papa yako